Taa Iliyosoma Damu ya Mama

Mwezi uliopita, kwenye zahanati ya karibu na kwangu, muuguzi mmoja kijana alinibana kidole kwa kidude kidogo mfano wa kibanio cha nguo. "Tulia tu, bibi, hakiumi," aliniambia. Ndani ya kidude kile kikawaka kitaa chekundu, na kidole changu kikang'aa kama kaa la moto. Niliuchomoa mkono kwa nguvu hata kidude kikarukia chini ya meza. Yule binti alicheka kwa adabu, akainama kukiokota, akanibana tena, safari hii huku amenishika kiganja. Namba zikawa zinapanda na kushuka. Akasema mapigo yangu yanakwenda mbio kidogo, akaniuliza kama nimetoka kupanda ngazi. Nikasema ndiyo, nimepanda ngazi. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba taa ya namna hiyo naijua tangu nikiwa na miaka minane, na kwamba siku nilipoigusa kwa mara ya kwanza niliamini nimemwua mama yangu?

Tulikuwa tunakaa Temeke. Waingereza walikuwa bado wanatawala, na Temeke ya wakati huo, wenzangu mlioiona mtakubaliana nami, ilikuwa mchanga na mikorosho, nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, na njia ambazo mvua ikinyesha zinageuka mifereji. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Yeye na mama walitoka Upareni, wakaja pwani na Biblia yao, sufuria mbili, na lafudhi ambayo watoto wa jirani walinifundisha kuionea aibu. Mie nilizaliwa hapohapo, mtoto wao wa pekee, nikapewa jina la Namsifu. Mkabala na nyumba yetu palikuwa na duka la Bi Salma, mjane wa Kiarabu, ambaye ukoo wa mumewe ulikuwapo pale tangu kabla ya Mjerumani. Yeye Mwislamu, sie Wakristo, lakini hilo halikumzuia yeye na mama kushinda pamoja kwenye baraza ya duka, mmoja anachambua mchele, mwingine anafuma, midomo haipumziki.

Nilikuwa mtoto asiyetulia. Mama aliniita kiguu na njia. Kanisani nilichezesha miguu mpaka benchi zima likatikisika. Nyumbani nilikula nimesimama. Masika ya mwaka ule, mama alipougua, lile jambo lililokuwa miguuni likapanda likaingia kifuani, na sijui kama limewahi kushuka lote.

Ugonjwa ulianza na kikohozi. Kisha asubuhi moja mama alikuwa anatwanga uani, mie napepeta pembeni, nikasikia mchi umenyamaza. Nilipotazama, alikuwa ameuegemea, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka.

"Mama?"

"Ngoja nivute pumzi," alisema.

Hakuipata hiyo pumzi. Alikaa chini taratibu, miguu kainyoosha mbele kama mtoto, mchi bado mkononi. Kufikia jioni mwili wake ulikuwa unachemka, na kila akivuta hewa alijishika ubavu. Bi Salma alikuja na tangawizi ya kuchemsha, akaweka kiganja kifuani kwa mama, akakiondoa upesi.

"Mwalimu, moyo wa mwenzangu unakwenda kama cherehani," alimwambia baba.

"Ni kichomi. Kesho nampeleka hospitali ya mjini."

"Hospitali?" Bi Salma alishusha sauti, lakini mie nilikuwa nyuma ya mlango. "Kule mtu anaingia na damu yake, anatoka hana. We umesoma, Mwalimu, sikatai. Lakini mambo mengine hayamo vitabuni."

"Hayo maneno ya mumiani tuwaachie watoto, Bi Salma."

Watoto ndio sie. Mnakumbuka jinsi tulivyokuwa tukilikimbia gari lolote jekundu? Tulijua kuwa wapo watu wanaoshika wenzao na kuwakausha damu ili Wazungu watengenezee dawa. Hakuna kati yetu aliyewahi kumwona mumiani hata mmoja, na hakuna aliyekuwa na shaka naye. Baba alipoondoka na mama asubuhi ile, wamempakia kwenye gari la mtu wa kanisani, niliikagua rangi yake. Ilikuwa ya kijivu. Nikashukuru Mungu, nikarudi ndani, nikatoka tena, nikarudi.

Siku ya tatu baba alinichukua nikamwone. Wodi ilikuwa ndefu, madirisha makubwa, inanuka dawa ya kusugulia sakafu. Mama alikuwa kitanda cha mwisho, kalazwa juu ya mito mitatu, amefumba macho. Kwenye sikio lake la kushoto palikuwa na kidude cheusi kimeibana ndewe. Ndani ya kidude palikuwa na taa ndogo kama ya tochi, na sikio lote lilikuwa jekundu, wekundu ambao sijawahi kuuona kwa mtu. Waya ulitoka hapo ukashuka mpaka kwenye kisanduku cha mbao juu ya stuli. Usoni mwa kisanduku palikuwa na kioo, na nyuma ya kioo mshale mwembamba unaruka, unalala, unaruka, unalala.

Aliyekuwa akiuangalia ni Bwana Yona, dresa wa wodi ile, yaani msaidizi wa daktari, mtu wa bara mwenye sauti ya chini. Alimweleza baba kwamba mashine hiyo imeundwa na daktari mwenyewe, Mzungu kijana aliyewahi kuwatibu marubani wakati wa vita.

"Upande huu taa, upande wa pili kijicho kinachohisi mwanga," alisema, akionyesha kwa kidole bila kugusa. "Mwanga unapenya nyama ya sikio. Moyo ukisukuma, damu inajaa, mwanga unafifia. Damu ikipungua, mwanga unazidi. Mshale unafuata hivyo hivyo. Mapigo ya mama huyu yalikuwa yanakwenda ovyo, mara mbio, mara yanajikwaa. Kwa mashine hii tunayaona hata tukiwa kitanda kile."

Baba aliitikia kwa kichwa kama afanyavyo akisikia mahubiri mazuri. Mie sikuwa nimeelewa kitu. Nilimvuta Bwana Yona koti.

"Inafanya nini?"

Aliniinamia, akaninong'oneza kwa lafudhi yake ya bara, "Inasoma damu ya mama."

Mie nilisikia: inasomba.

Kusomba nilikujua. Maji tuliyasomba kisimani, ndoo baada ya ndoo, mpaka pipa linajaa. Nikautazama ule mshale. Uliruka: ndoo moja. Ukaruka: ya pili. Nikaufuata waya kwa macho mpaka kwenye kisanduku, nacho nilikiona kinatosha kumeza damu yake yote. Nilimtazama baba. Alikuwa anacheka na Bwana Yona.

Nyumbani sikukaa. Baba alikuwa na tochi aliyoitundika nyuma ya mlango. Mchana, alipokwenda shuleni, niliichukua, nikajifunika blanketi, nikaiwasha, nikaifunika kwa kiganja. Vidole vikawaka vyekundu mpaka kwenye mifupa. Niliitoa, wekundu ukaondoka. Niliirudisha, ukaja. Basi ni kweli, nikajiambia: damu ikiona taa inakuja mbio. Kama tochi ya baba tu inaiita namna hii, ile yenye waya je?

Kwa nini sikumwambia baba? Nimejiuliza swali hilo mara nyingi. Nadhani niliogopa asije akaniambia anajua. Bi Salma nilimwambia nusu. Nilimwuliza, mtu akitolewa damu yote inachukua siku ngapi?

"Astaghfirullah, nani amekufundisha kuuliza hivyo?" alisema, akanipa kashata, akanitoa dukani. Lakini niliona kashtuka, na mshtuko wake ulinitosha kuwa jibu.

Tulirudi hospitali baada ya siku mbili. Mama alikuwa amelala fofofo, uso umepauka, midomo mikavu. Taa ilikuwa palepale sikioni. Bwana Yona hakuwapo karibu. Alikuwa upande wa pili wa wodi anamfunga mtu bandeji. Daktari alimwita baba mlangoni, wakasimama nje kuzungumza.

"Kaa kwenye stuli hii nyingine, usiguse kitu," baba aliniambia.

Nilikaa. Miguu ilikuwa haifiki chini, nikaichezesha. Mshale uliruka, ukaruka. Nilihesabu ndoo kumi, nikahesabu ishirini. Nilimwita mama kwa sauti ndogo, hakujibu. Nikajua kuwa nikingoja watu wazima wamalize mazungumzo yao, mama atakuwa amekwisha. Nikasimama, nikakishika kile kidude kwa vidole viwili, nikakibinya kama unavyobinya kibanio, nikakiondoa.

Sikio likawa jeusi, sikio la kawaida la mama. Nikafurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikageuka kukitazama kisanduku.

Mshale ulikuwa umelala. Haukuruka. Niliungoja. Haukuruka tena.

Wenzangu, mtoto wa miaka minane haoni kwamba mambo mawili aliyoyaamini hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Dakika moja iliyopita mshale ule ulikuwa mwizi. Sasa ukawa moyo wa mama, na mie nimeuzima. "Mama," nilisema. Nikamtikisa bega. Kichwa chake kiliegemea upande, macho hayakufumbuka. Nilikiweka kidude juu ya shuka, nikapita mlango wa nyuma, nikakimbia.

Njia niliijua kwa sababu basi lilipita huko. Nilikimbia, nikachoka, nikatembea, nikakimbia. Nilipita Kurasini, malori yananirushia matope, wapakizi wa bandarini wamekaa kando wanakula mihogo. Mama mmoja muuza mihogo aliniuliza, "We mtoto, unatoka wapi peke yako?" Nilimpita mbio. Niliogopa nikifungua mdomo litatoka lile nililomfanyia mama. Jua likatoka, mvua ikanyesha, jua likatoka tena. Kila gari lililopunguza mwendo nyuma yangu nilidhani limetumwa kunikamata.

Nilifika Temeke alasiri. Bi Salma alikuwa barazani. Aliiona nguo yangu na miguu yangu, akasimama.

"Namsifu! Baba yako yuko wapi?"

"Mama amekufa," nikasema.

"Nani kasema?"

"Nimeona mwenyewe."

Hakuuliza zaidi. Alipiga ukelele ambao mpaka leo nikiufikiria nywele zinanisisimka, ukelele wa mtu aliyepigwa, na shela lake likaanguka mabegani asiliokote. Wanawake wakatoka majumbani. Kufumba na kufumbua vyombo vyetu vilikuwa nje, mikeka imetandikwa, sufuria kubwa imeteremshwa kutoka nyumba ya tatu, wanaume wanapanga mabenchi chini ya mkorosho. Mtu mmoja alikwenda kumwita mzee wa kanisa. Bi Salma alinifunga ndani ya khanga yake, akawa ananiyumbisha huku na huku, analia kwa kutaja mambo madogomadogo: jinsi mama alivyokuwa akiweka chumvi nyingi, jinsi alivyomfundisha kufuma. "Nimebaki na nani mie barazani?" alikuwa anasema. "Nani?"

Mie sikulia. Nilikuwa nataka kujichomoa nikimbie tena, na kila nikijaribu mikono inanirudisha. Walidhani ni uchungu. Nilichokuwa nacho ni hofu ya saa baba atakapofika, kwa sababu niliamini baba anajua nilichofanya.

Yaliyompata baba upande wake niliyajua baadaye, kwa mama, maana mwenyewe hakuyasimulia kamwe. Alipomaliza na daktari alikuta stuli tupu. Alizunguka hospitali nzima akiniita, akaenda mpaka ufukweni, akarudi. Mlinzi wa lango akamwambia ameona mtoto wa kike akikimbilia barabarani. Akapanda basi, na ndani ya basi abiria mmoja alikuwa anasimulia habari ya mtoto aliyegongwa na lori siku hiyohiyo, huko njia ya Kurasini. Baba aliuliza, wa kike au wa kiume? Yule mtu alisema hakuona vizuri.

Basi mfikirini baba ameshuka, anakata kona, anaona mikeka imetandikwa mbele ya nyumba yake na wanawake wamejifunika vichwa.

Nilimwona kupitia tundu la khanga. Hakuwa na kofia, yeye ambaye hakutoka hata kwenda kisimani bila kofia. Alisimama penye njia. Wanaume wakainuka kumpokea, na kabla hawajamfikia alikaa chini kwenye mchanga uliolowa.

"Mmemlaza wapi?" alisema. Sauti haikuwa yake.

"Pole, Mwalimu," mzee mmoja akamjibu. "Pole sana. Sie ndio tumepata habari sasa hivi."

"Mmemlaza wapi mwanangu?"

Watu walitazamana. Niliposikia neno hilo nilifikiri ananitaka anipige mbele ya wote, na nilichoka kungoja. Nilijichomoa kwenye khanga, nikapita katikati ya mikeka, nikaenda nikasimama mbele yake.

"Nipo hapa, baba."

Aliinua uso. Kisha akanishika kichwa, akanishika mabega, mikono, magoti, kiungo kwa kiungo, kama mtu anayekagua chombo kilichoanguka. Akanivuta, akalaza sikio lake kifuani mwangu, mbele ya watu wote, akalibakiza hapo. Nilihisi ndevu zake kupitia gauni.

Alipoinua kichwa ndipo alipoiona mikeka kwa mara ya pili.

"Sasa hapa nani amekufa?"

Bi Salma ndiye aliyejibu, shela mkononi. "Mkeo, Mwalimu."

"Mke wangu? Mke wangu nimemwacha amelala. Daktari ameniambia hivi leo kwamba homa imevunjika, ndiyo mara yake ya kwanza kupata usingizi tangu alazwe."

"Mtoto kasema kaona mwenyewe!"

Wakanigeukia wote. Nikasema yote, kwa mkupuo, bila kupumua: kwamba taa inasomba damu ya mama, kwamba Bwana Yona mwenyewe ndiye aliyeniambia, kwamba nimeitoa na mshale umekufa na mama hakuamka. Baadhi ya wanawake walishika midomo. Mwingine alianza kucheka, akakatizwa. Baba alirudia lile neno polepole, "inasomba, inasomba," midomo yake ikitafuta, na nikaona alipolipata.

"Inasoma," alisema. "Inasoma, Namsifu."

Lakini hakucheka. Niliona usoni mwake shaka inaingia: alitoka hospitali mchana, na mie nilikuwa nimegusa mashine. Hakuingia hata ndani. Aliniacha kwa Bi Salma, akageuka kurudi mjini na nguo zilezile zenye mchanga. Mikeka haikukunjwa. Watu hawakujua kama waondoke au wakae, wakawa wanazungumza kwa sauti ndogo, na kila baada ya kitambo mmoja wao ananitazama.

Alikuja kunichukua asubuhi. Njia nzima sikuthubutu kumwuliza habari za mama. Tulipoingia wodini mama alikuwa ameketi, bakuli la uji mapajani, taa ikiwaka sikioni.

"Njoo hapa, kiguu na njia," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Nasikia umenizika."

Nilishindwa kusogea. Bwana Yona alinisukuma mgongoni kwa upole. Alinieleza kuwa jana aliuona mshale umelala, akaja mbio hata akaangusha sinia la dawa, akamshika mama mkono kutafuta mapigo, na mama aliyekuwa usingizini akaamka akamgombeza kwa Kipare.

"Mwanangu, nilikwambia inasoma," alisema. "Kama baba yako anavyolisoma daftari lako. Akimaliza, kuna kitu kimepungua ndani ya daftari?"

Nilitikisa kichwa. Mama alinivuta mpaka kitandani, akaniwekea kijiko cha uji mdomoni.

"Haya niambie. Nani alilia?"

"Bi Salma. Alilia sana, mpaka shela likaanguka."

"Alisemaje?"

"Alisema unaweka chumvi nyingi."

Mama alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na mshale ukacheza huku na huko kama umepagawa. Nilikiangalia kisanduku, nikamwangalia yeye, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mshale ule ulikuwa ukimfuata yeye.

Alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, amekonda, akitembelea fimbo. Majirani walikuja kumpa pole isipokuwa mmoja. Bi Salma alijifungia dukani. Aliona haya na hofu. Kumlilia mtu aliye hai aliona ni kama kumwita mauti kwa jina. Siku ya pili mama alivuka njia mwenyewe, hatua kumi anapumzika, hatua kumi anapumzika, akaketi barazani, akaomba mchele achambue. Baada ya muda mlango ulifunguliwa. Waliendelea hivyo miaka mingi, na mwishowe aliyetangulia ni Bi Salma, na mama ndiye aliyebaki barazani akisema hana mwenzake.

Baba hakunipiga, wala hakunigombeza, wala siku ile hakuitaja tena. Lakini kuanzia hapo akawa na tabia moja. Akitoka shuleni na baiskeli yake, kabla hajakata kona, mahali ambapo nyumba yetu ilikuwa bado haionekani, aliita, "Namsifu!" Mie nilipaswa kuitika. Nilipokuwa msichana mkubwa iliniudhi. Wenzangu walinicheka, na mara nyingine nilinyamaza makusudi ili nione atafanya nini. Hakufanya kitu. Alisimama palepale nyuma ya kona, na niliweza kuisikia kengele ya baiskeli ikigongagonga. Aliita mara ya pili, kisha ya tatu, na hakuivuka ile kona mpaka nilipoitika, "Abee, baba, nipo."